Imeji ya kontena imenenepa? Maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu kusafisha keshi

Haya ni maswali yanayorudi rudi kwa sisi tunaojenga kontena huku Uganda, wengi kwa laptopu na data ya simu. Imeji ni kifurushi cha programu na kila inachohitaji, kontena ni imeji hiyo ikishawashwa. Yanaanza na ya mwanzo kabisa, ya kona kona yako mwisho, na kama jibu lishatolewa mahali pengine nitakutuma huko badala ya kulirudia. Amri zote ni za Docker, kifaa cha kujenga na kuendesha kontena, wa Podman, kifaa kingine cha aina hiyo, wasubiri swali la 20.

## Mambo ya msingi

1. Programu yangu ni MB tano tu, hii imeji imefikaje GB moja na zaidi?

Mara nyingi uzito si wako. Unaanza na `FROM python:3.12`, yaani imeji ya msingi unayojengea juu yake, hiyo peke yake ikishafunguliwa kwa diski inakaribia GB 1 kwa sababu imebeba kompaila, git na maktaba kibao ambazo programu yako haitawahi kuzigusa. Juu yake unaita apt (ya kuweka paketi za mfumo), inashusha orodha za paketi na kuziacha hapo, unaita pip (ya paketi za Python), inaweka kopi ya kila ilichoshusha, npm (ya JavaScript) naye hivyo hivyo, halafu mwisho `COPY . .` inaingiza hata folda ya `.git`. Ukijumlisha, programu yako ndiyo kitu kidogo kuliko vyote humo ndani.

2. Mnaposema keshi, mna maana ipi hasa?

Keshi ni akiba ya vilivyoshushwa au kujengwa ili kazi isirudiwe. Ziko mbili, na watu wanazichanganya kila siku halafu wanafuta ile isiyofaa kufutwa.

Moja ni keshi inayobaki ndani ya imeji yenyewe: `/var/lib/apt/lists`, `/root/.cache/pip`, `/root/.npm`, `/root/.cache/go-build` na ndugu zao. Hii haina kazi yoyote kwa sababu kontena ikishawaka hakuna mtu atakayeweka paketi tena, lakini inasafiri na imeji kila inapokwenda.

Nyingine ni keshi ya mashine inayojenga. Docker inakumbuka matokeo ya kila hatua ya Dockerfile (faili la maelekezo ya kujenga imeji) ili kesho isirudie kazi. Hii inakula diski yako wewe, lakini haiongezi hata baiti moja kwenye imeji. Ile ya kwanza itoe bila huruma, hii ya pili itunze, hasa kama data unanunua mwenyewe (swali la 12).

3. Nimeandika `RUN rm -rf` kufuta keshi na saizi iko vile vile. Kwa nini?

Hili linaulizwa kuliko yote. Kila `RUN`, `COPY` au `ADD` inaunda leya yake, yaani tabaka la faili, na leya ikishafungwa haibadiliki tena. Ukifuta faili kwa hatua inayofuata, Docker inaweka alama tu kwamba hii faili isionekane, faili lenyewe bado liko kwa leya ya chini na bado linasafiri. Ni kama kufagia takataka ukazisukuma chini ya mkeka, mgeni akiingia haoni kitu lakini uchafu haujatoka nyumbani.

Hii haisaidii:

```
RUN apt-get update
RUN apt-get install -y curl
RUN rm -rf /var/lib/apt/lists/*
```

Hii inasaidia:

```
RUN apt-get update \
 && apt-get install -y --no-install-recommends curl \
 && rm -rf /var/lib/apt/lists/*
```

Kuleta na kufuta viwe ndani ya `RUN` moja, kabla leya haijafungwa. Na kuna faida nyingine: ukiacha `apt-get update` peke yake kwa mstari wake, Docker itaikumbuka hata wiki tatu, siku ukiongeza paketi mpya inatumia orodha ya zamani na apt inakurudishia 404 (haipatikani), unaanza kulaumu neti bure.

4. Nitajuaje uzito uko wapi?

Anza na `docker history jina-la-imeji`. Inaonyesha kila leya na saizi yake, ile yenye MB mia tatu utaiona tu bila kutafuta. Ikikata amri ndefu ongeza `--no-trunc`. Ukitaka kuingia ndani zaidi kuna kifaa kinaitwa dive, kinakufungulia leya moja moja na kukuonyesha faili gani iliongezwa wapi na ipi imefutwa juu lakini bado inalipiwa chini.

Usianze kukata kabla ya kuangalia. Kuna watu wanahangaika na MB 20 za apt wakati leya inayofuata ina video ya majaribio ya MB 600 ambayo `COPY . .` ilibeba.

5. Kwa nini `docker images` inasema saizi kubwa kuliko ile naona kwa rejistri?

Rejistri, yaani ghala la imeji mtandaoni kama Docker Hub, inahesabu leya zikiwa zimekandamizwa. Docker ya kawaida kwa laptopu inakuonyesha zikiwa zimefunguliwa. Ya rejistri ndiyo data utakayolipa, ya laptopu ndiyo diski.

## Kusafisha ndani ya imeji

6. Kwa Debian na Ubuntu, `apt-get clean` ni lazima?

Hapana, kwa imeji rasmi za Debian na Ubuntu kuna faili la `/etc/apt/apt.conf.d/docker-clean` ambalo linafuta paketi za .deb baada ya kuwekwa. Ukiiandika haidhuru, ni mapambo. Ambacho hakifutwi chenyewe ni orodha, yaani `/var/lib/apt/lists`, hizo ni makumi ya MB na ni juu yako.

`--no-install-recommends` mimi naiona ni muhimu kuliko hata kufuta orodha, maana bila hiyo unaomba paketi moja na apt inakuletea na marafiki zake. Ila ukiiweka angalia kama hukuacha `ca-certificates`, maana mara nyingi inakuja kama pendekezo tu, na bila hiyo curl itakataa kila anwani ya https.

7. Na Alpine, na zile za familia ya Red Hat?

Alpine (Linux ndogo sana): `apk add --no-cache jina`, basi, hakuna cha kufuta baadaye. Fedora na wenzake: `dnf install -y jina && dnf clean all` kwa mstari mmoja, kanuni ni ile ya swali la 3.

8. pip, npm, composer, go, kila moja inasafishwaje?

Kwa pip andika `pip install --no-cache-dir -r requirements.txt`, haitaweka keshi tangu mwanzo. Kwa npm ni `npm ci --omit=dev && npm cache clean --force`, na hiyo `--omit=dev` mara nyingi inapunguza kuliko keshi yenyewe maana vifaa vya majaribio na vya kukompaili TypeScript havina kazi kwa seva. Composer ya PHP: `composer install --no-dev` halafu `composer clear-cache` kwa mstari huo huo.

Go usijisumbue kusafisha. Go inatoa faili moja linalojitosheleza, kwa hivyo dawa yake ni swali la 9. Kama imeji yako ya Go bado ina folda ya `/go/pkg/mod` kwa seva, kuna mahali ulipita haraka.

## Kutoiingiza keshi kabisa

9. Kujenga kwa hatua mbili ni nini, na kweli inasaidia hivyo?

Inasaidia kuliko yote yaliyotangulia, mimi ningekuwa na nafasi ya kufundisha kitu kimoja tu ningefundisha hiki. Imekuwa kwa Docker tangu toleo la 17.05 la mwaka 2017. Unakuwa na `FROM` mbili kwa Dockerfile moja: ya kwanza ina kompaila na keshi na uchafu wote, ya pili inaanza safi na kuchukua matokeo tu. Ya kwanza haisafiri.

```
FROM golang:1.22 AS jiko
WORKDIR /src
COPY go.mod go.sum ./
RUN go mod download
COPY . .
RUN CGO_ENABLED=0 go build -o /programu .

FROM gcr.io/distroless/static
COPY --from=jiko /programu /programu
ENTRYPOINT ["/programu"]
```

Imeji ya `golang` ni mamia ya MB, `distroless/static` ni imeji ya msingi isiyo na vifaa vya ziada, kinachotoka hapa ni saizi ya programu yako na MB chache juu. Na ndani ya hilo jiko (ile hatua ya kwanza) hakuna haja ya kusafisha chochote, acha keshi zitapakae, hakuna atakayeziona.

Kwa Python unajenga `venv` (folda ya paketi za programu yako) kwa imeji kamili halafu unaikopi kwa ile ya slim (toleo lililopunguzwa), `COPY --from=jiko /opt/venv /opt/venv`. Hapa watu wanaanguka kwa mambo mawili. Toleo la Python na la Debian lazima yafanane pande zote, na maktaba za mfumo hazifuati venv: psycopg2 (ya kuongea na PostgreSQL) uliyokompaili kwa `libpq-dev` bado inataka `libpq5` kwa upande wa pili, la sivyo itawaka na kulia kwamba `libpq.so.5` haipatikani.

10. Nimeona `RUN --mount=type=cache`, hiyo inafanya nini?

Inakupa vyote viwili, keshi kwa mashine na imeji safi:

```
RUN --mount=type=cache,target=/root/.cache/pip \
    pip install -r requirements.txt
```

Hiyo folda inakuwepo wakati wa kujenga tu, haiingii kwa leya, na ukijenga tena kesho inarudi na yale yote yaliyoshushwa leo. Kwa mtu wa bando hii ni pesa. Kawaida ukibadilisha mstari mmoja wa `requirements.txt` pip inaanza kushusha upya kila kitu, ukiwa na hii inashusha kile kipya tu, na hata neti ikikatika katikati na hatua ikafeli, paketi zilizomaliza kushuka unazikuta.

Ukiitumia toa `--no-cache-dir`, maana vinapingana, unaweka ndoo na kuiambia pip isichote. Inahitaji BuildKit, injini mpya ya Docker ya kujenga imeji, ambayo kwa Linux ndiyo ya kawaida kuanzia Docker 23.0 ya mwaka 2023, kwa za nyuma kidogo weka `DOCKER_BUILDKIT=1` mbele ya amri.

Kwa apt kuna kazi ya ziada: ufute lile faili la `docker-clean` la swali la 6, kwa sababu litafuta paketi kabla keshi haijafaidi, na uweke `sharing=locked` maana apt hapendi watu wawili kwa wakati mmoja.

11. Alpine au slim?

Alpine peke yake haifiki MB 10 ndiyo maana kila mtu anaikimbilia. Lakini inatumia musl badala ya glibc (maktaba ya msingi ya C ambayo Debian inaitumia), na paketi ya Python ambayo haina toleo lililojengwa tayari kwa musl itaanza kukompailiwa hapo hapo kwa laptopu yako, unaleta gcc, unasubiri nusu saa, na feni inapiga kelele kama jenereta. Mimi kwa Python nachukua slim bila kufikiri mara mbili, haifiki MB 200. Kwa nginx na vitu vidogo vidogo, Alpine haina shida.

## Keshi ya mashine yako, na bei ya data

12. Nikijenga kwa data ya simu, nifute keshi ya Docker mara ngapi?

Usifute kwa ratiba, futa diski ikibana. Data ya hapa ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ule uliokuja baada ya OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku kuondolewa, kwa hivyo kila GB unayoirudia kwa sababu ulijisikia kufanya usafi unailipia na serikali juu. Kuna watu wanapiga `docker system prune -a` kila Ijumaa kama wanafua nguo, halafu Jumatatu wanashangaa bando limekwenda wapi.

Ili keshi ikufae, panga Dockerfile vizuri: kopi kwanza `package.json` na `package-lock.json`, weka paketi, halafu ndipo `COPY . .`. Ukiikopi programu yote kwanza, kubadilisha nukta moja kwa README kunavunja keshi ya kila kilicho chini yake na npm inaanza safari upya.

13. Diski imejaa kweli kweli, nianzie wapi?

`docker system df` kwanza. Inakutenganishia imeji, kontena, volumu (hifadhi ya data nje ya kontena) na keshi ya kujengea, na safu ya mwisho inakwambia ngapi inaweza kurudi. Kama ni keshi ya kujengea:

```
docker builder prune --filter until=240h
```

Hiyo inagusa ya zamani kuliko siku kumi tu. `docker image prune` bila `-a` inatoa imeji zisizo na jina, salama. Ukiweka `-a` inatoa kila imeji ambayo hakuna kontena inaitumia, pamoja na ile `postgres` uliyoivuta usiku wa bando la bei nafuu. Na chunga sana `--volumes` ya `docker system prune`, humo ndimo data ya hifadhidata inaweza kuwa inakaa.

14. Kwenye CI keshi inapotea kila mara, nifanyeje?

Mashine ya CI (ile inayojenga na kupima kodi yenyewe kila inapobadilika) kawaida inaanza tupu, kwa hivyo `--mount=type=cache` peke yake haina cha kukumbuka. Unapeleka keshi kwa rejistri: `--cache-to type=registry,ref=...,mode=max` na `--cache-from` wakati wa kurudi. Bila `mode=max` zinahifadhiwa leya za imeji ya mwisho tu, lile jiko la swali la 9 halimo. Kama inakataa, pengine bado uko kwa dereva wa kawaida, piga `docker buildx create --use` kwanza. Zile folda za mount hazisafirishwi kwa njia hii, leya tu.

15. Seva iko Arua, neti ni ya kubahatisha. Imeji ndogo inatosha?

Inasaidia lakini angalia na leya zipi zinabadilika. Seva inavuta leya ambayo haina tu. Imeji ya MB 400 ambayo leya yake ya juu ni MB 3 inasasishwa kwa MB 3, na imeji ya MB 90 ambayo umeifinya yote kwa leya moja inasasishwa kwa MB 90 kila mara. Kwa hivyo vizito visivyobadilika chini, programu yako juu kabisa, na miradi yote ya ofisi itumie `FROM` moja ile ile.

Mara ya kwanza kabisa hakuna aibu kutumia fleshi: `docker save app:1 | gzip > app.tar.gz`, mpe mtu anayepanda basi, kule wanapiga `docker load -i app.tar.gz`.

16. Naambiwa `toomanyrequests` na leo nimevuta imeji mbili tu.

Docker Hub iliweka kikomo cha kuvuta imeji Novemba 2020 na asiye na akaunti anahesabiwa kwa IP. Kwa data ya simu, au kwa neti ya ofisi, watu wengi mnatoka kwa IP moja, unaadhibiwa kwa wenzako. Piga `docker login`, akaunti ya bure inatosha, ndipo uanze kuhesabiwa wewe. Ofisi yenye watu kadhaa iweke kioo chake, imeji ya `registry` inaweza kukaa kama wakala wa Docker Hub, halafu anwani yake inaingia kwa `registry-mirrors` ndani ya `daemon.json` (faili la mipangilio ya Docker). Imeji inavutwa mara moja tu kutoka nje.

## Visa vya kona kona

17. Nimeongeza `RUN chown -R` na imeji imekuwa mara mbili!

Kubadilisha mwenye faili ni kubadilisha faili, kwa hivyo leya mpya inabeba kopi nzima ya kila kilichoguswa. Fanya wakati wa kukopi: `COPY --chown=app:app . .`. Ruhusa nazo hivyo hivyo, kuna `--chmod`.

18. Nilikopi `.env` kwa bahati mbaya nikaifuta hatua iliyofuata. Niko salama?

Hapana. Soma swali la 3 tena ukiwaza nywila badala ya MB. Yeyote mwenye imeji anaweza kufungua leya ya chini na kuisoma. Badilisha hizo funguo leo, mambo ya saizi yatasubiri. Kwa siku zijazo weka `.env`, `.git` na `node_modules` kwa `.dockerignore`, na kama ufunguo unahitajika wakati wa kujenga tumia `RUN --mount=type=secret`.

19. Nimetumia `scratch`, imeji ni ndogo ajabu lakini programu haifanyi kazi.

`scratch` ni imeji ya msingi iliyo tupu kabisa. Hakuna vyeti vya CA (vya kuthibitisha tovuti za https), kwa hivyo simu ya kwanza ya https kwenda kwa API ya mobile money inarudi na kosa la x509. Hakuna taarifa za majira, `Africa/Kampala` haitambuliki. Ile `distroless/static` ya swali la 9 ina vyote viwili na bado ni MB chache, ndiyo maana niliiweka. Shell haina, kwa hivyo `docker exec -it ... sh` itakataa, ukitaka kuchungulia kuna toleo lake lenye lebo ya `debug`.

20. Natumia Podman, haya yote yananihusu?

Karibu yote, `podman history`, `podman system df` na `podman system prune` zipo na `podman build` inaielewa `--mount=type=cache`. Kuna tofauti moja inayochanganya watu: `buildah build`, ya kifaa ndugu cha Podman, kwa kawaida haitunzi leya za katikati, kila ulichoongeza juu ya `FROM` kinafungwa kama leya moja, kwa hivyo hata `RUN rm -rf` iliyo peke yake inapunguza saizi kweli. Mtu anaijaribu kwa Buildah inakubali, anaipeleka kwa mwenzake wa Docker inakataa, wanabishana jioni nzima na wote wana haki. `podman build` yenyewe inatunza leya kama Docker, ukitaka zifungwe kwa moja ongeza `--squash`, halafu urudi swali la 15 uone utakavyolipia wakati wa kusasisha.